Usalama wa Vyombo vya Biashara katika Maji ya Vita: Funzo la Goma na Ziwa Kivu

1.0 Utangulizi

Wanahistoria waliozungumzia usalama wa vyombo vya biashara wakati wa vita wameelekeza macho yao zaidi baharini. Wameandika habari za manowari na nyambizi, za misafara ya meli zinazosindikizwa, za bima na za uharamia. Maji ya ndani ya bara hayakupata nafasi kubwa katika maandishi hayo, ijapokuwa Afrika ya Mashariki na ya Kati ina maziwa ambayo kwa zaidi ya karne moja yamekuwa njia kuu za biashara na, mara kwa mara, viwanja vya mapigano. Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kutoka Goma, mji mkuu wa Jimbo la Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulio kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu.

Swali letu ni hili: ni kitu gani hasa kinachokifanya chombo cha biashara kiwe salama pale kinapopita katika maji ya vita? Jibu linalokuja upesi ni silaha: chombo kipewe walinzi, au kisindikizwe na manowari. Historia ya Ziwa Kivu inatupa jibu jingine. Tutaonyesha kwamba katika ziwa hilo mzinga haukuwa adui mkubwa wa chombo cha abiria na shehena. Adui zake wakubwa wamekuwa watatu: barabara iliyofungwa, hesabu ya abiria isiyofanywa, na kuchanganywa kwa kilicho cha raia na kilicho cha askari.

2.0 Ziwa na njia zake

Ziwa Kivu lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,700, nalo liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,460. Maji yake hutoka kusini kwa mto Ruzizi, ambao huteremka kwa maporomoko hadi Ziwa Tanganyika. Kwa sababu ya maporomoko hayo hakuna chombo kinachoweza kupanda kutoka Tanganyika na kuingia Kivu. Kila meli ya Kivu ama imeundwa pwani ya ziwa lenyewe, ama imeletwa vipande vipande kwa njia ya nchi kavu. Mpaka wa Kongo na Rwanda unapita majini, na katikati ya ziwa kipo kisiwa kikubwa cha Ijwi, kilicho upande wa Kongo.

Kutoka Goma hadi Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, ni mwendo wa kilomita zipatazo 100 kwa maji. Njia ya nchi kavu ni ndefu maradufu, nayo hupanda na kushuka milima kwa shida, hasa wakati wa masika. Ndiyo maana wafanyabiashara wa pande hizi huliona ziwa kuwa barabara. Zipo meli kubwa za Goma na Bukavu, zipo boti ziendazo kasi, na yapo mashua ya mbao yenye mashine yanayochukua ndizi, maharage, mihogo na mboga kutoka Ijwi, Minova na vijiji vya Kalehe, na kuzishusha katika magati madogo kama Kituku, penye soko mashuhuri la Goma. Vyombo hivi vya mwisho ndivyo vinavyoulisha mji, na ndivyo visivyoonekana sana katika kumbukumbu za ofisi.

3.0 Biashara ya ziwani kabla ya ukoloni

Usafirishaji wa bidhaa katika Ziwa Kivu haukuanza na wakoloni. Katika karne ya 19 mitumbwi ya Wahavu na majirani zao ilivuka ziwa ikiwa na chakula, mifugo na vikuku vya nyuzi viitwavyo butega, vilivyosukwa na Watembo wa milima ya magharibi na kutumika katika mabadilishano kama namna ya fedha. Kipindi hicho hakikuwa cha amani. Mwami Rwabugiri wa Rwanda, aliyefariki mwaka 1895, alifanya vita vingi kuelekea magharibi, na kisiwa cha Ijwi kilishambuliwa na kutwaliwa na majeshi yake yaliyovuka kwa mitumbwi.

Mfanyabiashara wa wakati huo hakuwa na jeshi la kumlinda majini. Alichokuwa nacho ni watu wa kumpokea: mkwe upande wa pili, rafiki wa kuchanjiana, mwenyeji aliyejulikana na mtawala wa pale pwani. Usalama wa safari ulitegemea kujulikana kwa msafiri, mzigo wake na mwenyeji wake. Jambo hili tuliweke akilini, maana litarudi kwa sura nyingine katika karne ya 20 na ya 21.

4.0 Vita Kuu ya Kwanza: meli za biashara zavikwa mizinga

Mapatano ya mwaka 1910 yaliigawa nchi ya ziwa baina ya Wabelgiji na Wajerumani. Ijwi ikawa ya Wabelgiji, na pwani ya mashariki ikawa ya Wajerumani. Ndipo Goma na Gisenyi zikatazamana kama vituo vya dola mbili. Vita vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani hawakukawia kuona thamani ya kisiwa. Walikiteka mwezi wa Septemba mwaka huohuo, na Wabelgiji hawakukipata tena hadi mwaka 1916. Aliyeishika Ijwi aliweza kutazama na kuzuia kila chombo kilichopita kati ya kaskazini na kusini ya ziwa.

Katika maziwa makubwa zaidi hali ilikuwa ileile kwa kiwango kikubwa zaidi. Katika Ziwa Tanganyika, tarehe 22 Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune na kuiharibu. Katika Ziwa Viktoria, Waingereza walizitia mizinga meli za Reli ya Uganda, kama vile Winifred na Kavirondo, ambazo hadi wakati huo zilikuwa katika kazi za kiraia. Huko Tanganyika tena, boti mbili ndogo za Kiingereza, Mimi na Toutou, zilizoburutwa kwa nchi kavu kupitia Kongo, zilisaidia kuiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na Hedwig von Wissmann ikazamishwa mwezi wa Februari 1916. Meli kubwa Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa Julai 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Iliopolewa baadaye na kuanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Jambo la kuzingatia ni kwamba katika maziwa haya tofauti baina ya meli ya biashara na manowari ilifutika katika muda wa majuma machache. Ziwa halina meli nyingi. Kwa hiyo kila upande ulikitazama kila chombo cha upande wa pili kama silaha ya kesho, ukakishambulia leo. Chombo cha biashara kiliangamia kwa sababu kingeweza kutumiwa na askari, hata kama bado hakijatumiwa nao.

5.0 Mfano wa Bahari ya Hindi

Kabla ya kurudi Goma inafaa tuangalie pwani, kwa kuwa bahari imetoa namna mbili za ulinzi ambazo mara nyingi hupendekezwa kwa maziwa pia.

Namna ya kwanza ni msafara, yaani meli kadhaa kwenda pamoja chini ya ulinzi wa manowari. Waingereza waliutumia kwa wingi kuanzia mwaka 1917, nao uliokoa meli nyingi. Lakini msafara haufuti hatari inayotokana na mzigo wenyewe. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo katika msafara uliosindikizwa. Ilikuwa imechukua askari wengi wa Afrika ya Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na watu wapatao 1,300 wakafa. Meli hiyo iliundwa kuwa ya abiria; ilipochukua askari ikawa shabaha halali katika macho ya adui, na wasindikizaji hawakutosha kuiokoa.

Namna ya pili ni ulinzi wa kimataifa unaotolewa kwa meli kwa sababu ya kazi yake. Mwezi wa Juni 2005 meli Semlow, iliyokuwa imetoka Mombasa na shehena ya mchele wa Shirika la Chakula Duniani kwa ajili ya watu wa Somalia, ilitekwa na maharamia. Mabaharia wake walishikiliwa kwa muda wa siku zipatazo 100. Baada ya visa vya namna hiyo kuongezeka, manowari za nchi za nje zilianza kuzisindikiza meli za chakula mwishoni mwa mwaka 2007, na mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukaanzisha kikosi chake cha wanamaji katika maji hayo. Dola kubwa zilikuja kwa sababu njia ile ilikuwa yao pia. Tumeona jambo hilohilo tangu mwezi wa Novemba 2023, meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu kutoka Yemen.

Ziwa Kivu si njia ya mtu yeyote isipokuwa wakaao kando yake. Hapana manowari ya nchi ya mbali itakayopanda maporomoko ya Ruzizi kuja kulinda mashua yenye maharage ya Minova. Kwa hiyo ulinzi wa vyombo vya Kivu hauna budi kutafutwa kwingine.

6.0 Goma na ziwa tangu mwaka 1994

Katikati ya mwezi wa Julai 1994 watu wanaokaribia milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma katika siku chache. Miaka miwili baadaye vita vya Zaire vikaanza: Bukavu ilitwaliwa mwishoni mwa mwezi wa Oktoba 1996 na Goma tarehe 1 Novemba. Mwezi wa Agosti 1998 vita vya pili vikazuka, na miji yote miwili ikawa chini ya waasi wa RCD hadi kipindi cha mapatano ya mwaka 2003.

Katika vita hivyo viwili ncha zote mbili za njia ya ziwa ziliangukia mikononi mwa mamlaka moja. Goma na Bukavu zilipotwaliwa, zilitwaliwa karibu kwa pamoja. Mwenye meli alilipa ushuru kwa bwana mpya na kuendelea na safari. Tunaweza kusema kwamba usalama wa meli katika ziwa ulitegemea zaidi swali la nani anashika gati la kuondokea na nani anashika gati la kufikia, kuliko wingi wa risasi zilizokuwa zikilia milimani.

Hali ilibadilika wakati wa vita vya M23. Kundi hilo liliitwaa Goma tarehe 20 Novemba 2012 likatoka tarehe 1 Desemba, ilhali Bukavu ilibaki mikononi mwa serikali. Liliporudi vitani miaka kumi baadaye, liliitwaa Bunagana mwezi wa Juni 2022, likaendelea kuzishika barabara zinazoingia Goma moja baada ya nyingine. Barabara ya Rutshuru ilifungwa kwanza. Mwezi wa Februari 2024 mapigano ya kandokando ya Sake yakaikata barabara ya Minova, iliyokuwa tegemeo la mwisho la mji kwa chakula kutoka Kalehe. Tangu hapo Goma na Minova, zote mbili zikiwa bado mikononi mwa serikali, ziliunganishwa na maji peke yake.

Mwezi wa Januari 2025 Minova na Sake zilitwaliwa, na Goma ikafuata tarehe 27. Usiku wa kuamkia siku hiyo maafisa na askari kadhaa wa serikali walivuka ziwa kwa vyombo kwenda Bukavu. Safari za abiria kati ya miji hiyo miwili zilisimama, uwanja wa ndege ukafungwa, na ziwa likawa mpaka baina ya pande mbili za vita. Bukavu ilipotwaliwa nayo katikati ya mwezi wa Februari, meli zilianza tena kwenda na kurudi. Kanuni ya mwaka 1996 ilijidhihirisha tena: njia ilifunguka ncha zake mbili ziliposhikwa na mkono mmoja. Hiyo ni amani ya gati, wala si amani ya watu. Lakini mwanahistoria hana budi kuiandika jinsi ilivyokuwa.

7.0 Merdi: chombo kilichozama bila kupigwa risasi

Ajali iliyouliza swali la makala haya kwa ukali zaidi ilitokea tarehe 3 Oktoba 2024. Chombo kiitwacho Merdi, kilichotoka Minova, kilipinduka na kuzama mita mia chache kutoka gati la Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakikisubiri. Hapakuwa na mzinga wala risasi. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitaja abiria 278 na watu 78 waliokufa, katika chombo kilichoelezwa kuwa na nafasi ya watu wapatao 80. Hesabu zilizotolewa baadaye upande wa Kivu Kaskazini zilitofautiana sana na hizo. Tofauti hiyo yenyewe ni ushahidi. Pale penye orodha ya abiria iliyoandikwa kabla ya nanga kung'olewa, waliokufa huhesabiwa kwa majina; pale pasipo orodha, huhesabiwa kwa maiti zilizoopolewa na kwa kilio cha jamaa.

Je, ajali hiyo ni ya vita au ni ya uzembe? Wapo wanaosema kwamba vyombo vya Kivu vilizama hata wakati barabara zilipokuwa wazi, na hoja yao ina uzito. Mwezi wa Aprili 2019 chombo kilizama upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi akatangaza kwamba watu wapatao 150 walikuwa hawajulikani walipo. Baada ya msiba huo iliagizwa kwamba kila abiria wa ziwani avae jaketi la kujiokolea. Kwa hiyo kasoro zilizoonekana mwaka 2024, yaani kujaza kupita kiasi, uchache wa majaketi na ukaguzi hafifu, hazikuzaliwa na vita vya mwaka huo.

Hata hivyo, vita vilizikuza kasoro hizo mpaka zikawa mauti. Barabara ya Minova ilipokuwa wazi, mama mwenye magunia mawili ya mihogo aliweza kuchagua kati ya lori na mashua. Ilipokatwa hakubaki na uchaguzi. Abiria wote wa malori waliongezeka juu ya abiria wa majini, ilhali mashua hayakuongezeka kwa kiasi hicho. Mwenye chombo alijua kwamba kila nafasi ina mnunuzi. Mkaguzi wa gati, hata angekuwa mwadilifu, angewezaje kumrudisha pwani mtu anayekimbia mapigano, au kuzuia chakula kisiingie katika mji wenye maelfu ya wakimbizi? Vita viligeuza utekelezaji wa sheria kuwa kitu kinachofanana na ukatili, na kwa njia hiyo vikaiua sheria bila kuifuta.

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika njia ya Minova na Kituku manahodha hao hawakuwa ndani ya chombo. Gati la kuondokea lilikuwa la jimbo moja na gati la kufikia la jimbo jingine; palikuwa na mamlaka ya raia na palikuwa na mamlaka ya jeshi, maana Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu mwezi wa Mei 2021. Kila mmoja alikuwa na haki ya kutoza na kuamuru. Jukumu la kuhesabu vichwa lilimhusu kila mmoja, na kwa sababu hiyo halikushikwa na yeyote.

8.0 Hitimisho

Tumepitia mitumbwi ya butega, kisiwa cha Ijwi, meli za Tanganyika na Viktoria, misafara ya Bahari ya Hindi na magati ya Goma. Mambo matatu yanajitokeza.

Kwanza, chombo cha biashara hulindwa na sifa yake ya kuwa cha raia, na sifa hiyo hupotea kinapochukua askari au silaha. Khedive Ismail ni ushahidi wa baharini. Wataalamu waliokamilisha mwongozo wa San Remo mwaka 1994 kuhusu sheria za vita vya baharini waliiweka tofauti hiyo katika kiini cha kazi yao. Na msingi wake, yaani kutenganisha raia na askari, unazihusu pande zote za vita vya nchi kavu na vya majini. Katika ziwa lenye vyombo vichache, askari anayepanda mashua ya abiria huwahatarisha wote aliokaa nao.

Pili, njia ya maji huwa salama pale ncha zake mbili zinapokubaliana. Makubaliano hayo si lazima yaje kwa ushindi wa upande mmoja, kama ilivyotokea mwaka 1996 na 2025. Liemba ilipowachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma mwezi wa Mei 2015, haikuhitaji mizinga iliyokuwa nayo zama za Wajerumani. Ilihitaji kazi iliyojulikana, bendera iliyojulikana, na mwenyeji wa kuipokea. Ndivyo alivyokuwa nayo mfanyabiashara wa Ijwi katika karne ya 19.

Tatu, ulinzi ulio karibu zaidi na uwezo wa watu wa Goma wenyewe ni ule usio na fahari yoyote: orodha ya abiria, mstari wa shehena uliopakwa rangi ubavuni mwa chombo, jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, na mkaguzi mmoja anayejulikana kwa cheo chake katika kila gati. Mambo haya huitwa ya wakati wa amani. Historia tuliyoieleza inaonyesha kwamba wakati wa vita ndipo yanapohitajika zaidi, kwa kuwa ndipo watu wengi zaidi wanaposukumwa majini kwa wakati mmoja. Barabara inapofungwa, aliyeifunga na aliyeshindwa kuifungua wote wanapaswa kuulizwa habari za mashua itakayojazwa kesho yake.

Utafiti zaidi unahitajika, hasa wa masimulizi ya manahodha, makuli na akina mama wa Kituku, ambao wamevuka ziwa katika vita vyote tulivyovitaja tangu mwaka 1996. Lugha yao ya kazi ni Kiswahili, na kumbukumbu zao hazijaandikwa. Wanazuoni wa Kiswahili wana deni la kuzikusanya kabla wenyewe hawajaondoka.